Dunia isiyo na mkubwa: kuzisoma nadharia za uhusiano wa kimataifa kupitia makombora ya Cuba

Oktoba 1962 balozi wa Umoja wa Kisovieti mjini Washington, Anatoly Dobrynin, alikuwa na tatizo ambalo leo linachekesha. Kila alipotaka kupeleka habari za dharura Moscow, maofisa wake waliuandika ujumbe kwa herufi za siri, kisha wakaipigia simu kampuni ya telegramu ya Western Union, nayo ikamtuma kijana mwenye baiskeli aje kuuchukua. Miaka mingi baadaye Dobrynin alisimulia kwamba walikuwa wakibaki kuomba kijana yule asije akasimama njiani kupiga soga na msichana. Katika karatasi alizobeba mlikuwa na maneno ya kuamua kama dola mbili kubwa zitarushiana makombora ya nyuklia au la.

Sijui mlango mzuri kuliko baiskeli ile wa kuingilia somo la uhusiano wa kimataifa. Majirani wakigombana, yupo wa kuwaamua. Yupo polisi, yupo hakimu. Wanaweza wasimpende, wanaweza hata kujaribu kumhonga, lakini yupo, na kila mmoja anajua akizidisha atashikwa. Dola mbili zikigombana, zishtaki wapi? Hakuna serikali juu ya serikali. Wataalamu huiita hali hiyo kwa neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya kukosa mtawala, na mara nyingi neno hilo huletwa kwa Kiswahili kama "vurugu" au "machafuko". Tafsiri hiyo inapotosha. Dunia yaweza kuwa shwari kabisa, meli zinapita, barua zinafika, mabalozi wanaalikana chakula, na bado ikawa haina mkubwa. Hapa nitasema tu "kukosa mkubwa", maana ndilo jambo lenyewe.

Mtu atauliza: na Umoja wa Mataifa je? Una wanachama 193, una bendera na makao makuu. Lakini chombo chake chenye uwezo wa kuzifunga dola zote kwa maamuzi ya vita na amani ni Baraza la Usalama, na humo Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa kila moja ina kura ya turufu. Mwaka 1962 wagomvi wote wawili walikuwa na turufu mkononi. Tena mwezi ule zamu ya kuliongoza Baraza ilikuwa ya Valerian Zorin, mjumbe wa Kisovieti mwenyewe. Tarehe 25 mjumbe wa Marekani, Adlai Stevenson, alimbana mbele ya ukumbi mzima aseme kama makombora yapo au hayapo, kisha akaleta picha kubwa zilizopigwa kutoka angani. Zorin alimjibu kwamba yeye hayuko katika mahakama ya Kimarekani. Alisema kweli kuliko alivyokusudia. Hakuna aliyekuwa katika mahakama yoyote.

Kila nadharia kubwa ya somo hili inaanzia hapo, kwenye kukosa mkubwa, kisha inashika njia yake. Anayeanza kusoma hukutana nazo zimepangwa kama timu za mpira: hawa wahalisia, wale waliberali, kule wengineo, chagua wa kushangilia. Naona upangaji huo ndio unaowachosha watu mapema. Nadharia hizi hazijibu swali moja kwa majibu tofauti. Kila moja ina swali lake, na ukishalijua swali, jibu lake linaacha kuonekana la ajabu. Kwa hiyo nitachukua tukio hili moja la Cuba na kuzipitisha mbele yake.

Kwanza tukio lenyewe, kwa ufupi. Tarehe 14 Oktoba ndege ya upelelezi ya Marekani aina ya U-2 ilipiga picha za mitambo ya makombora ya Kisovieti iliyokuwa ikijengwa Cuba, kisiwa kilicho umbali wa kilomita 150 hivi kutoka Florida. Rais John F. Kennedy alipewa habari tarehe 16, akajifungia na washauri wake. Tarehe 22 alilihutubia taifa, na tarehe 24 manowari zake zikaanza kuzuia meli zinazoelekea kisiwani. Tarehe 28 kiongozi wa Kisovieti, Nikita Khrushchev, akatangaza kupitia Redio Moscow kwamba makombora yatafunguliwa na kurudishwa. Kuanzia tarehe 16 hadi 28, hizo ndizo siku 13 za mgogoro.

Wahalisia: ukiwa peke yako utaponaje?

Uhalisia ni nadharia kongwe kuliko zote, na wenyewe hupenda kujifuatilia hadi kwa Thucydides, Mgiriki aliyeandika habari za vita kati ya Athens na Sparta katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Swali lake ni la mtu aliye porini usiku: ikiwa hakuna wa kuniokoa, nitaponaje? Jibu ni nguvu. Ahadi husaidia pale tu ambapo kuzivunja kunamgharimu mvunjaji.

Lakini wahalisia si kitu kimoja, na hapa wasomaji wengi huteleza. Hans Morgenthau, Mjerumani aliyehamia Marekani na ambaye kitabu chake cha 1948 kilisomesha kizazi kizima, aliona chanzo katika tabia ya binadamu: mtu ana uchu wa kutawala, na dola huongozwa na watu. Kenneth Waltz, katika kitabu chake cha 1979, alikwenda kwingine kabisa. Alisema huna haja ya kumdhania mtu ubaya. Weka viongozi waungwana watupu, wote wacha Mungu, lakini uwaache bila mkubwa, na bado wataangaliana kwa jicho la pembeni, kwa sababu hakuna anayeweza kuona moyoni mwa mwenzake na kosa moja linaweza kuwa la mwisho. Kwa Morgenthau tatizo ni wachezaji. Kwa Waltz tatizo ni uwanja.

Kutoka kwenye uwanja huo ndipo linapochipuka wazo ambalo kwangu ni lulu ya nadharia hii, yaani mtanziko wa usalama. John Herz ndiye aliyelipa jina mwaka 1950. Mimi najenga ukuta ili nilale salama. Wewe jirani unauona ukuta, hujui kama ni wa kujikinga au wa kujificha nikipanga kukuvamia, kwa hiyo unanunua silaha. Nikiziona silaha zako nathibitisha kwamba nilikuwa sahihi kujenga ukuta, na naongeza wa pili. Hakuna aliyetaka ugomvi, na ugomvi umefika.

Sasa rudi Cuba. Kabla ya makombora ya Cuba, Marekani ilikuwa na makombora 15 ya Jupiter nchini Uturuki, jirani kabisa na ardhi ya Kisovieti, na mengine 30 Italia. Katika makombora ya masafa marefu Wasovieti walikuwa nyuma sana. Aprili 1961 watu waliofunzwa na shirika la ujasusi la Marekani walikuwa wametua Cuba katika Ghuba ya Nguruwe kwa lengo la kuipindua serikali ya Fidel Castro, wakashindwa. Ukiwa Moscow, kuyapeleka makombora ya masafa ya kati Cuba ni kuziba pengo kwa bei nafuu na kumlinda rafiki. Ukiwa Washington, ni kisu shingoni. Mhalisia hakuulizi nani mwema kati yao. Anakuonyesha kwamba kila mmoja, kutoka pale aliposimama, aliona ukuta wa mwenzake.

Kuna dhana inayozurura kwamba wahalisia hupenda vita. Kumbukumbu inaonyesha kinyume. Morgenthau alikuwa miongoni mwa wapinzani wa mapema na wakali wa vita vya Marekani kule Vietnam. Septemba 2002 Waltz na John Mearsheimer, mhalisia mwingine mashuhuri, walikuwa kati ya wasomi 33 waliolipia tangazo katika gazeti la New York Times kusema kwamba kuivamia Iraq hakuna faida kwa Marekani. Anayeamini kwamba nguvu ndiyo akiba pekee huwa bahili wa kuitumia. Wanaotaka kuvuka bahari kwenda kuwarekebisha wengine mara nyingi hutoka katika kambi nyingine, na tunaifikia sasa hivi.

Waliberali: mbona tunashirikiana?

Neno lenyewe lina balaa lake. Katika siasa za magazetini "mliberali" huwa mtu wa chama fulani au wa misimamo fulani ya kijamii. Katika somo hili maana ni nyingine: ni yule anayeona kwamba dola, hata bila mkubwa, zinaweza kufika mahali pa kushirikiana kwa kudumu, na anataka kujua zinafikaje. Mwanafalsafa Immanuel Kant alilichora wazo hilo mwaka 1795: serikali zinazowajibika kwa raia, biashara, na muungano wa dola huru vitapunguza vita.

Somo la uhusiano wa kimataifa lilizaliwa mikononi mwa watu wa imani hiyo. Mwaka 1919, maiti za vita vikuu vya kwanza zikiwa bado zinahesabiwa, kiti cha kwanza cha uprofesa wa taaluma hii kilianzishwa Aberystwyth, Wales. Shirikisho la Mataifa, mtangulizi wa Umoja wa Mataifa, likaanza kazi mwaka 1920. Mwaka 1928 dola kadhaa zilikutana Paris zikatia saini mkataba wa kuikataa vita kama chombo cha sera, na nyingine nyingi zikajiunga baadaye. Kisha Japani ikaichukua Manchuria mwaka 1931, na mwaka 1935 Italia ikaivamia Ethiopia. Juni 1936 Mfalme Haile Selassie alisimama mwenyewe mbele ya Shirikisho mjini Geneva, akieleza jinsi watu wake walivyomwagiwa sumu kutoka angani na kuuliza dola ndogo zitegemee nini. Shirikisho lilimsikiliza. Mwezi uliofuata likaamua kuiondolea Italia vikwazo. Mwaka 1939 E. H. Carr, aliyekuwa amekikalia kiti kilekile cha Aberystwyth, alitoa kitabu cha kuwashambulia waliotarajia mikataba iyafanye yale ambayo nguvu peke yake huyafanya.

Vitabu vingi vya utangulizi huwaacha waliberali hapo, wamelala chali. Hilo si haki, maana walirudi na hoja bora zaidi. Robert Keohane, mwaka 1984, alikubali karibu yote ya Waltz: dola zina ubinafsi, hazina mkubwa, hazitaaminiana. Kisha akauliza mbona zimejaza dunia kwa mashirika, mikataba na kamati. Jibu lake halina wema hata chembe. Taasisi hupunguza gharama za kupatana. Hutoa taarifa ambazo kila mmoja angezificha, hufanya mwongo ajulikane, na hufanya leo iunganike na kesho, ili anayekudanganya leo ajue mtakutana tena mwakani. Mchoyo mwenye akili atazitaka taasisi.

Na hapa kijana wetu wa baiskeli anarudi. Tarehe 20 Juni 1963, miezi minane baada ya hatari kupita, Marekani na Umoja wa Kisovieti zilitia saini mjini Geneva makubaliano ya kuweka laini ya moja kwa moja kati ya Washington na Moscow. Haikuwa simu nyekundu ya kwenye filamu. Zilikuwa mashine za kupiga chapa, kwa sababu maandishi yanampa mtu muda wa kufikiri na hayategemei mkalimani aliyelala. Agosti mwaka uleule ukaja mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia angani, majini na anga za mbali. Mwaka 1967 nchi za Amerika ya Kilatini na Karibiani, zilizokuwa zimeona jinsi ugomvi wa wengine ulivyokaribia kuziunguza, zilitia saini mkataba wa Tlatelolco wa kulifanya eneo lao lisiwe na silaha hizo. Hakuna aliyempenda mwenzake zaidi ya jana. Waliogundua kwamba wamenusurika kwa kubahatisha waliamua kununua kitu cha kupunguza bahati.

Mhalisia hatanyamaza. Atasema laini ile imewekwa na wenye nguvu wawili kwa sababu iliwafaa wenye nguvu wawili, na siku isipowafaa wataikata. Mliberali atajibu kwamba kukata kuna gharama, na gharama hiyo ndiyo nadharia yake. Mabishano haya yamejaza majarida kwa miaka 40, na kwa maoni yangu yalikwisha kuwa ugomvi wa ndugu tangu zamani.

Neno "karantini" na noti mfukoni

Hatua ya tarehe 24, ile ya kuzuia meli, Marekani haikuiita mzingiro wa bahari. Kwa sheria za kimataifa mzingiro ni kitendo cha vita. Ikaiita "karantini", neno la madaktari na bandari. Manowari zilikuwa zilezile, bunduki zilezile, bahari ileile. Siku moja kabla, Marekani ilikuwa imeomba na kupata kura ya Shirika la Nchi za Amerika kuiunga mkono. Ikiwa nguvu ndiyo kila kitu, kwa nini dola yenye nguvu kuliko zote duniani ihangaike na msamiati?

Swali la aina hiyo ndilo chakula cha nadharia ya tatu, ambayo nitaiita nadharia ya ujenzi wa kijamii. Mtu wake mashuhuri ni Alexander Wendt, aliyeandika mwaka 1992 kwamba kukosa mkubwa ni vile dola zenyewe zinavyokufanya kuwe. Mfano wake unaorudiwa sana ni huu: silaha za nyuklia 500 za Uingereza haziitishi Marekani kama zinavyoitisha tano za Korea Kaskazini. Ukihesabu vyuma tu hutaelewa. Lazima ujue nani anamwona nani kuwa rafiki, na urafiki huo umejengwa kwa historia, kwa mazoea na kwa maneno.

Wengi wakisikia "kujengwa kijamii" hudhani maana yake ni kitu cha kufikirika tu, kinachoyeyuka ukiacha kukiamini. Toa noti mfukoni. Ni karatasi. Thamani yake imejengwa na watu, haimo katika wino wala katika nyuzi zake. Sasa jaribu kuacha kuiamini peke yako uone kama kodi ya nyumba itajilipa. Kitu kilichojengwa na jamii ni kigumu kama ukuta kwa mtu mmoja mmoja. Hubadilika, ila hubadilika pale wengi wanapobadilika pamoja. Mipaka ya nchi, heshima ya balozi, aibu ya kutumia silaha za nyuklia ambayo imedumu tangu Agosti 1945, vyote ni vya aina hiyo.

Katika chumba cha Kennedy palikuwa na mabishano makali kuhusu kulipua mitambo kwa shambulio la ghafla. Mmoja wa waliolipinga shambulio hilo ni mdogo wake rais, Robert Kennedy, ambaye aliona shambulio kama hilo lingefanana na lile la Japani dhidi ya Pearl Harbor mwaka 1941. Hesabu ya nguvu ilikuwa upande wa shambulio, maana Marekani ilikuwa na ndege tele. Kilichosimama njiani, kwa sehemu, ni picha ambayo Wamarekani walikuwa nayo ya wao ni watu wa namna gani na wasiofanya nini.

Nadharia hii ilipata umaarufu kwa sababu ya aibu ya wenzake. Desemba 1988 Mikhail Gorbachev alisimama Umoja wa Mataifa akatangaza kupunguza askari 500,000 wa Kisovieti kwa uamuzi wa upande mmoja. Novemba 1989 ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Desemba 1991 Umoja wa Kisovieti ukavunjika bila vita na wapinzani wake. Dola kubwa ikaachia himaya yake kwa hiari au nusu hiari, jambo ambalo mizani ya nguvu peke yake haikulitabiri. Wahalisia wametoa maelezo baadaye, hasa juu ya uchumi uliokuwa ukikwama, na yana uzito. Ila kueleza mvua baada ya kunyesha si kazi ngumu.

Na Cuba yenyewe?

Ona jambo moja la ajabu katika yote niliyoyasema mpaka sasa. Mgogoro unaitwa wa Cuba, na Wacuba hawamo. Nimewataja kama mahali.

Wanaofuata mkondo wa Marx, pamoja na wale wa nadharia ya utegemezi, wangeniuliza mapema zaidi. Swali lao: nani amejenga uwanja huu, na nani anafaidika ukibaki hivi? Kwao hadithi haianzi tarehe 14 Oktoba. Inaanza walau mwaka 1898, Marekani ilipoipiga Hispania na kuingia Cuba, kisha mwaka 1901 ikatia katika katiba ya Cuba haki yake ya kuingilia mambo ya nchi ile, na mwaka 1903 ikakodi ghuba ya Guantánamo kwa kambi ya jeshi lake la majini, ambako iko mpaka leo. Inaendelea kwenye sukari: zao moja, mnunuzi mmoja mkubwa, mashamba mengi mikononi mwa makampuni ya nje. Baada ya mapinduzi ya 1959 serikali mpya ilianza kutaifisha, na mwaka 1960 Marekani ikakata mgao wa sukari ya Cuba iliyokuwa ikiinunua. Cuba ikatafuta mnunuzi mwingine, na mnunuzi mwingine alikuwa Moscow. Makombora yalikuja na meli zilezile za njia ya biashara.

Immanuel Wallerstein, tangu 1974, alilipanua wazo hili kuwa picha ya mfumo mmoja wa dunia wenye kitovu na pembezoni. Walter Rodney, Mguyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa tayari ameandika mwaka 1972 jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, akikataa kabisa kuuchukulia umaskini kama hali ya mwanzo ambayo wengine walitoka na wengine wakachelewa. Wasomi wa mkondo huu husema kukosa mkubwa ni hadithi ya wakubwa. Kwa nchi nyingi ndogo mkubwa amekuwapo siku zote, na walimjua kwa jina.

Mapatano yalipofikiwa, Castro hakushirikishwa. Alizisikia habari kama watu wengine, akakasirika, na akakataa wakaguzi wa Umoja wa Mataifa kukanyaga kisiwa chake. Ikabidi makombora yakaguliwe baharini, yakiwa juu ya meli.

Wasomi wa mrengo wa ufeministi husogeza kamera karibu zaidi. Katika duara la washauri wa Kennedy hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Waliohamishwa kwa haraka kutoka Guantánamo tarehe 22 Oktoba walikuwa wake na watoto wa wanajeshi. Cynthia Enloe, aliyeandika kitabu chake mashuhuri mwaka 1989, aliuliza swali fupi lenye meno: wanawake wako wapi? Lilipoanza kujibiwa ilionekana kwamba kambi za jeshi, mashamba ya mauzo ya nje na hata ubalozi havisimami bila kazi ya watu ambao hawatajwi katika kitabu chochote cha mizani ya nguvu.

Dola si mtu

Nadharia zote hizi husema "Marekani iliamua", "Moscow iliogopa", kana kwamba dola ina kichwa kimoja. Graham Allison, mwaka 1971, aliutumia mgogoro huuhuu kuonyesha kwamba dola ni mkusanyiko wa idara zenye mazoea yake, na wakubwa wanaovutana.

Angalia siku moja tu, Jumamosi tarehe 27 Oktoba. Asubuhi U-2 ya Marekani ilidunguliwa juu ya Cuba na rubani wake, Rudolf Anderson, akafa. Moscow haikuwa imetoa amri hiyo. Walioiamua ni makamanda waliokuwa kisiwani. Siku hiyohiyo U-2 nyingine, iliyotumwa kaskazini kwa kazi isiyohusiana na Cuba, ilipotea njia ikaingia anga la Kisovieti upande wa Siberia. Na chini ya maji, nyambizi ya Kisovieti B-59 ilikuwa ikisakwa na manowari za Marekani zilizoiangushia mabomu madogo ya kuilazimisha iibuke. Haikuwa na mawasiliano na Moscow, ndani joto lilikuwa halivumiliki, na ilibeba torpido, yaani kombora la chini ya maji, lenye kichwa cha nyuklia, jambo ambalo waliokuwa juu hawakulijua. Nahodha alitaka kulitumia, kwa mujibu wa masimulizi ya waliokuwamo, na ofisa mmoja, Vasily Arkhipov, akamtuliza. Nyambizi ikaibuka. Mweke Arkhipov katika nadharia yoyote uione inavyohangaika.

Waltz, kabla ya kitabu chake kikubwa, alikuwa ameandika mwaka 1959 juu ya ngazi tatu za kutafuta sababu za vita: mtu, dola na mfumo wa dola zote. Ngazi hizo ni msaada mkubwa kwa anayechanganyikiwa. Ukisikia watu wawili wanabishana kuhusu vita fulani, mmoja akisema ni kichaa cha kiongozi na mwingine akisema ni kusogezwa kwa mipaka ya muungano wa kijeshi, mara nyingi hawapingani. Wako ghorofa tofauti za nyumba moja, wanapigiana kelele kwenye ngazi.

Ukurasa uliokosekana

Kuna jambo moja nimelificha mpaka hapa, kwa sababu dunia nayo ilifichwa. Usiku wa ile Jumamosi Robert Kennedy alikutana na Dobrynin akamwambia kwamba makombora ya Jupiter yataondolewa Uturuki katika miezi michache, kwa sharti kwamba jambo hilo lisitajwe hadharani. Yaliondolewa kufikia Aprili 1963. Hadharani ikabaki hadithi kwamba Marekani ilikaza macho na Khrushchev akapepesa. Robert Kennedy aliacha maandishi yake kuhusu siku zile, yakachapishwa baada ya kifo chake, na ni katika mkutano wa Moscow mwaka 1989 ndipo Theodore Sorensen, msaidizi wa rais aliyeyahariri, alipokiri kwamba alikuwa ameyapunguza makali pale yalipogusa mapatano ya Uturuki.

Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 25 wanafunzi, majenerali na waandishi wa nadharia walikuwa wakipima mawazo yao kwa mgogoro ambao ukurasa mmoja ulichanwa. Aliyesoma uhalisia mkavu alijifunza kwamba msimamo mkali humfanya mwenzako arudi nyuma. Ukurasa ule ungemwonyesha watu wawili wakibadilishana makombora kwa makombora, kimyakimya, ili kila mmoja abaki na uso.

Siri ile walipewa watu wachache mno hata ndani ya serikali. Makamu wa rais, Lyndon Johnson, hakuwa mmoja wao. Mwaka 1965, akiwa rais, ndiye aliyepeleka vikosi vya mapigano vya Marekani Vietnam.